Lushoto Si ya Kwenda na Kurudi

Ratiba zote za safari za Lushoto zinafanana. Basi linaondoka Dar es Salaam Ijumaa saa nne usiku, alfajiri liko Mombo, saa moja asubuhi Lushoto. Chai, Irente, picha, chakula cha mchana, maporomoko ya Soni, picha tena, nyama choma na muziki, na Jumapili mchana watu wanageuza. Usambara imeisha. Anayeuliza kwa nini zisiongezwe siku mbili hujibiwa kwamba kule hakuna cha kufanya siku zote hizo: ni mlima tu, na mlima ukishauona umeuona.

Imani hiyo wanayo hata wenye magari yao, watu ambao kwa safari ya Zanzibar hutenga siku nne bila kujiuliza. Ufukweni mtu anaruhusiwa kukaa. Mlimani anatakiwa apite.

Makosa yanaanzia kwenye hesabu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, na mkazi wa Dar, aliyezoea kupima safari kwa kilomita, anaona ni pua na mdomo. Lakini Mombo iko mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari, Lushoto inakaribia 1,400. Hizo mita elfu moja zinapandwa kona baada ya kona, upande huu mwamba, upande ule korongo, kwenye barabara nyembamba ambayo Fuso za kabichi na karoti huishuka kuelekea masoko ya mjini. Matawi mabichi yaliyotandazwa kwenye lami yana maana kwamba kuna gari limekufa mbele, pengine nyuma tu ya kona inayofuata. Anayeyakuta saa tano asubuhi anapunguza mwendo. Anayeyakuta saa kumi alfajiri, akiwa ameshika usukani tangu Dar, huyaona yakiwa tayari chini ya tairi.

Na huyo aliyeshika usukani ndiye ambaye ratiba haimtaji kabisa. Ijumaa amekesha, Jumamosi amezungusha abiria kutwa, Jumapili anatakiwa aushushe mlima na kuendesha zaidi ya kilomita 300 kurudi nyumbani, akipita kijiji baada ya kijiji penye kikomo cha 50 kwa saa na askari mwenye tochi.

Kushuka ndiko kunakotaka akili iliyolala vizuri. Wapo madereva wanaoshuka na frii wakiamini wanaokoa mafuta. Kwa injini za siku hizi mambo ni kinyume: gari likiwa ndani ya gia na mguu ukitoka kwenye mafuta, kompyuta huyakata, likiwa kwenye frii, injini huendelea kunywa ili isizime. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba breki zilizobebeshwa mzigo wote peke yake hupata moto, mafuta ya breki yakachemka, na pedali ikazama hadi chini bila kukamata kitu. Dawa inajulikana na kila utingo wa Fuso: gia nzito tangu juu, na kusimama kila panapopatikana nafasi ili vyuma vipoe. Lakini basi la Jumapili halina muda wa kupoza vyuma, kwa sababu Jumatatu watu wana kazi.

Kisha kuna hali ya hewa, ambayo haifuati tangazo la mtu. Irente, kilomita tano au sita kutoka mjini Lushoto, ni jabali linalochungulia bonde: chini kabisa Mazinde, halafu tambarare ya Wamaasai inayokwenda hadi macho yachoke. Ila Juni na Julai, asubuhi nyingi, ukungu hulala pale hadi jua lipande. Kundi linalofika saa tatu hupiga picha za weupe mtupu, hutetemeka ndani ya fulana za safari zilizochapishwa kwa ajili ya joto la Dar, na kuondoka likisema pamesifiwa bure. Jabali lile linatazama machweo. Saa yake ni alasiri, baada ya mtu kula jibini na jemu vinavyotengenezwa hapo hapo shambani Irente na kukaa kitako. Aliyelala Lushoto usiku mbili ana nafasi ya kurudi kesho kama leo pamefunga. Aliyekuja kwa saa moja amebahatisha.

Hakuna cha kufanya? Karibu na Soni, ambako mabasi husimama dakika kumi za peasi na maji ya kunywa, iko Vuga, mji mkuu wa zamani wa ufalme wa Wasambaa. Simulizi zao zinamtaja Mbegha, mwindaji kutoka Ungulu, aliyepewa utawala baada ya kuwaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao. Kimweri ye Nyumbai, ambaye utawala wake ulifika hadi pwani, alitawala kutoka hapo hapo. Juu ya Lushoto unaanza msitu wa Magamba, wenye mbega weusi kwa weupe. Njia ikiupita inaendelea Malindi, Lukozi, Sunga, hadi Mtae kwenye ncha ya kaskazini-magharibi, kijiji kilichokaa juu ya ukingo kama ndege juu ya paa. Kutoka pale, siku ikiwa safi, huonekana Mkomazi chini, milima ya Upare, na kwa mwenye bahati Kilimanjaro. Ni kama kilomita 60 tu kutoka Lushoto, na zinakula karibu siku nzima ya mtu anayesimama anapotaka kusimama. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni kuona kiti cha mbele cha gari.

Wengine hujitetea kwamba milima inataka gari kubwa. Noah na mabasi madogo hupanda Lushoto kila siku ya Mungu. Mvua ndiyo ya kuogopwa, si ukubwa wa injini: masika, Machi hadi Mei, huleta maporomoko ya udongo kwenye barabara ya Mombo na utelezi kwenye njia za vumbi. Ingawa hata hapo hakuna kanuni moja kwa milima yote. Kitulo, kule nyanda za juu kusini, huchanua kati ya Desemba na Aprili, katikati ya mvua, na anayeikwepa mvua ameyakwepa na maua yenyewe. Barabara ya kupandia kutoka Chimala kwenda Matamba wenyeji huiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Atakayejaribu kuiingiza ndani ya wikiendi moja akitokea Dar na ajaribu.

Utetezi wa pili ni muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Siku nne ni moja ya saba yake. Fedha nayo: vyumba vya bei ya kawaida Lushoto havikosekani, na kulala usiku mbili zaidi ni nafuu kuliko matengenezo ya breki.

Siku nne zenyewe hazina ufundi. Ya kwanza ni kutoka Dar asubuhi na mapema, si usiku, na kulala Soni jua likiwa bado lipo. Ya pili ni Vuga asubuhi na Irente alasiri. Ya tatu Mtae, kwa kulala huko huko, na sweta, maana kila mita elfu moja hupunguza nyuzi sita hivi za joto. Ya nne ni kushuka polepole. Atatokea mtu wa kutaka kuchomeka Amani, kwa kuwa kwenye ramani Usambara Mashariki inaonekana iko jirani: bustani ya mimea ya tangu 1902, hifadhi ya tangu 1997, na yale maua ya zambarau ambayo dunia nzima huyafuga dirishani bila kujua kwamba asili yake ni mkoa wa Tanga. Ni jirani wa kutazamana tu. Kati ya milima hiyo miwili kuna bonde la Lwengera, na kwa gari ni kushuka hadi Mombo, kupita Korogwe na Segera, kwenda Muheza, ndipo kupanda upya. Amani ipewe likizo yake peke yake.