Moyo Unaposimama Uwanjani



Muhula wa pili wa shule ndio muhula wa mpira wa miguu, na kila ufikapo, mabasi ya wanafunzi huondoka Pwani kupanda bara. Wapo pia vijana wetu ambao makazi yao sasa ni bara kabisa, walioko Chuo Kikuu cha Embu na walioko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Mzazi mmoja ambaye mwanawe huchezea timu katika pande hizo ametuuliza swali fupi: kijana mzima, asiyejulikana kuwa na maradhi, huangukaje na kufa uwanjani? Tumeona swali hili lastahili safu nzima.

Tuanze na la karibu. Tarehe 4 Disemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC aliifungia timu yake bao dhidi ya Mwadui, na muda mfupi baadaye akaanguka. Alifariki dunia siku hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Shambulio la moyo ni mshipa wa damu kuziba: mtu huumwa kifua, hutoka jasho, na aghalabu huwa bado anazungumza. Kusimama kwa moyo ni jambo la umeme. Moyo huendeshwa na umeme mdogo unaozaliwa ndani yake wenyewe, na umeme huo ukivurugika, moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu. Mtu huanguka papo hapo, wala hasemi neno. Kwa vijana wanamichezo chanzo mara nyingi ni kitu walichozaliwa nacho: nyama ya moyo iliyonenepa kupita kiasi, mshipa uliopita pasipo pake, au hitilafu ya umeme isiyoonekana kwa macho. Wengine moyo huwa umevimba baada ya homa ya virusi, nao wakarudi mazoezini kabla ya kupona. Mazoezi hayakuuleta ugonjwa, yaliufichua.

Sasa tazameni watu watatu, wote wachezaji wa kulipwa, wote walioanguka mbele ya umati. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Daktari wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji alishuka kutoka jukwaani kwenda kusaidia. Muamba alikandwa kifua bila kuachwa, akashtuliwa kwa mashine mara 15, na moyo wake haukurudi kupiga sawasawa hadi dakika ya 78. Leo yu hai, anatembea na kuzungumza, ingawa mpira aliuacha Agosti mwaka ule ule. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Kifua kilikandwa upesi, mashine ikaletwa upesi, na kabla ya kutolewa uwanjani alikuwa amerudiwa na fahamu.

Wa tatu ni Abdelhak Nouri, kijana Mwislamu wa Uholanzi mwenye asili ya Morocco, aliyelala chini katika mechi ya kirafiki nchini Austria tarehe 8 Julai 2017 akiwa na umri wa miaka 20. Ubongo wake ulikosa hewa na ukaharibika vibaya. Juni 2018 klabu yake ya Ajax ilikiri kwamba huduma aliyopewa uwanjani haikutosha na kwamba mashine ilipaswa kutumiwa mapema zaidi. Mwaka 2022 ikakubaliana na familia juu ya fidia ya yuro milioni 7.85. Nouri anatunzwa nyumbani na wazazi na ndugu zake. Tunapoifikiria nyumba ile, na mama yule, hatuoni kwamba fedha ndiyo habari.

Kilichowatenganisha watatu hawa kwa sehemu kubwa ni dakika. Kila dakika ipitayo bila moyo kushtuliwa kwa mashine hupunguza tumaini la kuishi kwa asilimia 7 hadi 10, na kukanda kifua hupunguza kasi ya hasara hiyo.

Turudi basi Meru na Embu. Hospitali zipo: Meru ina hospitali yake kuu ya rufaa, Embu vivyo hivyo, na katikati ya njia ziko Chogoria na Consolata ya Nkubu. Viwanja vipo pia. Kinoru kilipokea sherehe za Madaraka mwaka 2018, na uwanja wa Moi mjini Embu ukazipokea mwaka 2023. Siku ya rais, magari ya wagonjwa husimama tayari. Lakini mechi ya Jumamosi katika kiwanja cha shule karibu na Runyenjes au Maua, mara nyingi ina sanduku lenye bandeji na dawa ya kupuliza kwenye misuli, basi. Kutoka Runyenjes hadi mjini Embu ni zaidi ya kilomita 20. Gari liendalo mbio namna gani haliwezi kuzishinda dakika kumi. Katiba yetu, katika kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na hilo ni jema. Lakini matibabu hayo huanzia kwa mikono ya mtu aliye hatua tatu kutoka kwa aliyeanguka.

Naye mtu huyo afanye nini? Mchezaji aliyeanguka bila kugongwa na haitikii aitwapo, achukuliwe kuwa moyo wake umesimama. Huenda akakoroma au akavuta pumzi moja moja kwa kishindo. Hiyo si pumzi ya uhai. Huenda viungo vikatikisika kwa muda, na hapa ndipo watu wetu hupotea: mmoja husema kifafa, akatafuta kijiko cha kumtia kinywani, mwingine husema jini, akaanza kumsomea. Kisomo hakizuiwi, lakini mikono ifanye kazi wakati ulimi unasoma. Mmoja apige simu 999 au 112. Mwingine apige magoti, aweke kiganja cha mkono mmoja katikati ya kifua na cha pili juu yake, abonyeze kwa nguvu kiasi cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akiachia kifua kirudi juu kila mara. Akichoka apokewe. Kama ipo mashine ya kushtua moyo iletwe. Ikiwashwa hueleza yenyewe la kufanya, na haishtui moyo usiohitaji.

Dada zetu watauliza, na wana haki: aliyeanguka akiwa msichana, na waliopo ni wanaume? Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kuwa walioanguka hadharani walikandwa kifua na wapita njia asilimia 45 kwa wanaume na asilimia 39 kwa wanawake. Haya, basi, si ya Waislamu peke yao. Wanazuoni wetu wameiweka wazi kanuni ya dharura, na hakuna dharura kubwa kuliko roho inayotoka. Kifua hukandwa juu ya nguo. Mashine ndiyo inayohitaji ngozi tupu, na hapo wanawake waliopo wazungushe leso. Wachezaji wa Denmark walifanya lilo hilo bila kufundishwa na mtu: walijipanga duara, wakampa mwenzao mgongo, wakamsitiri na kamera za dunia nzima.

Liko jambo moja jingine linalotufunga sisi na Meru na Embu, nalo si mpira. Miraa hutoka milima ya Nyambene, muguka hutoka Mbeere, na vyote viwili huishia vijiweni kwetu. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi nayo ikafuata, na Mahakama Kuu ya Embu ikalisimamisha agizo hilo. Ugomvi wa biashara tuwaachie wenyewe; mkulima wa Mbeere naye ana watoto wa kulisha. Moyo, hata hivyo, haujui mahakama. Majani hayo yana kemikali zinazoupandisha mwendo wa moyo na shinikizo la damu, na watafiti wa Yemen wamehusisha utafunaji wake na shambulio la moyo. Moja ya kemikali hizo, kathini, imo katika orodha ya vitu wanavyokatazwa wanamichezo wakati wa mashindano ikizidi kipimo katika mkojo. Hatusemi kwamba yeyote kati ya tuliowataja alitafuna. Twasema kijana aliyekesha kijiweni Ijumaa asishuke kiwanjani Jumamosi asubuhi, na kocha anayejua na kunyamaza anacheza na roho za watu.

Na aliyeokoka? Eriksen alipandikizwa kifuani kifaa kidogo kinachoulinda moyo na kuushtua ukivurugika tena. Italia haikumruhusu kucheza nacho, akaachana na Inter. Februari 2022 alirudi uwanjani Uingereza na timu ya Brentford. Wengi hawatarudi hivyo. Kupona kwa kawaida hutokea nyumbani, polepole: kusahau mambo, hasira za ghafla, kuogopa kulala peke yake, na mama anayeamka usiku kusikiliza kama mwanawe anapumua. Mgonjwa asilaumiwe kwa uvivu. Dawa zake zisihamishwe saa wala kuachwa kwa ajili ya saumu kabla daktari hajaulizwa. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Ndugu zake wa tumbo moja wapimwe pia, hata kama hawalalamiki, kwa kuwa mengi ya maradhi haya hurithiwa.

Kwa mzazi aliyetuuliza, na kwa wengine wenye watoto wachezaji: ulizeni ndani ya ukoo. Je, yuko aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40? Mtoto huyu amewahi kuzirai katikati ya mbio, si baada yake? Yuko mjomba aliyejua kuogelea vizuri akazama bahari ikiwa shwari? Misiba ya namna hiyo mara nyingi tumeiita kijicho, tukazika, tukanyamaza. Likipatikana jibu moja la ndiyo, mpelekeni mtoto akafanyiwe kipimo cha umeme wa moyo, kile ambacho hospitalini huitwa ECG, na mwelezeni daktari habari za marehemu wenu kabla mtoto hajapanda basi la kwenda michezoni.