FARASI MCHANGA APEWE MUDA

Nakualika uketi nami kidogo nikusimulie habari za farasi. Najua utacheka. Utasema, "Huyu naye! Nyansiongo nzima hatuna farasi, tuna punda wa kubeba maji na ng'ombe wa maziwa, sasa farasi wanatuhusu nini?" Subiri. Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka, na makala haya yote yamesimama juu ya methali hiyo.

Babu yangu, ambaye sasa amepita miaka themanini, alipokuwa kijana alifanya kazi ya usaisi kwa mzungu mmoja upande wa Sotik, kabla mashamba ya Borabu hayajagawiwa wananchi. Saisi ni mtu wa kumtunza farasi: kumlisha, kumsugua na kumtembeza. Jioni tukiota moto yeye hutuambia kwamba farasi mchanga ana moyo mkubwa kuliko miguu yake. Ukimwambia kimbia, atakimbia mpaka avunjike. Kwa hiyo anayetakiwa kuwa na akili ni mwenye kumkimbiza. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma jinsi nchi mbalimbali zinavyoshindanisha farasi wachanga, na nikaona mambo ambayo hata sisi wanafunzi yanatugusa.

Tuanzie Uingereza, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Sisi tumezoea kusikia dabi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Lakini kabla jina hilo halijaingia katika kandanda, lilikuwa la mbio za farasi. Mwaka 1780, mahali paitwapo Epsom, Earl of Derby na rafiki zake walianzisha mbio za farasi wa miaka 3. Mshindi wa kwanza aliitwa Diomed. Siku hizi mbio hizo ni za mita 2,400 na ushei, yaani kama raundi sita za uwanja wa mita 400, tena kwenye nyasi zenye mwinuko na mteremko. Sharti kubwa ni moja: farasi awe na miaka 3, si zaidi wala si pungufu. Maana yake ni kwamba farasi hupata nafasi ya kukimbia Dabi mara moja tu maishani. Ukikosa mwaka huo, basi tena.

Nchi nyingi ziliiga. Marekani walianza Dabi ya Kentucky mwaka 1875 katika mji wa Louisville. Wao hukimbia kwenye udongo, si kwenye nyasi, na tangu mwaka 1896 umbali wao ni mita 2,000. Japani walianza yao mwaka 1932, nao wakafuata umbali wa mita 2,400 kama Waingereza. Dubai wakaja nyuma kabisa, mwaka 2000, na siku hizi umbali wao ni mita 1,900. Waaustralia ndio waliokwenda mbali zaidi kwa upande wa uchanga. Tangu mwaka 1957 wana mbio za Golden Slipper mjini Sydney, mita 1,200, za farasi wa miaka 2! Na si mashindano ya kujaribu, la hasha. Zinatajwa kuwa ndizo zenye zawadi kubwa kuliko zote duniani kwa farasi wa umri huo.

Sasa hapa pana jambo la kushangaza kuhusu umri. Katika nchi za kaskazini mwa dunia, farasi wote wa mbio huhesabiwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Kusini, kama Australia, ni tarehe 1 Agosti. Basi aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Mei wanapangwa mstari mmoja, ingawa mmoja ana miezi minne zaidi ya kunyonya na kukua. Yupo farasi mmoja wa Kanada aliyeitwa Northern Dancer. Alizaliwa tarehe 27 Mei 1961, akashinda Dabi ya Kentucky tarehe 2 Mei 1964. Kwa hesabu ya vitabu alikuwa na miaka 3, kwa hesabu ya mama yake alikuwa bado hajaifikisha! Alishinda, ndiyo, tena kwa dakika mbili kamili. Lakini mwaka huohuo aliumia mshipa wa mguu na mbio zake zikaishia hapo.

Na huko kwetu Kenya je? Mbio za farasi zililetwa na walowezi mwanzoni mwa karne iliyopita, na tangu mwaka 1954 uwanja wake mkuu ni ule wa Ngong, Nairobi. Nasi tuna Dabi ya Kenya ya farasi wa miaka 3, iliyofuata mtindo wa Uingereza. Mmoja wa waliosifika sana kwa kufundisha farasi hapa ni Beryl Markham, aliyekulia Njoro. Wengi wanamjua kwa kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, lakini alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa na miaka 18 tu, na farasi wake walishinda Dabi ya Kenya mara sita. Ngong hakuna mamilioni ya dola. Kentucky zawadi ilifika dola milioni 5 mwaka 2024. Mimi naona huo umaskini wetu una heri yake, kwa sababu pesa ndizo zinazoleta haraka.

Kwani haraka hiyo ina madhara gani? Hebu tazama. Mwaka 2008 farasi jike aitwaye Eight Belles alimaliza wa pili katika Dabi ya Kentucky. Mara tu baada ya kupita mstari alianguka, miguu yote miwili ya mbele imevunjika, ikabidi auawe palepale uwanjani ili asiteseke. Mwaka 2023 farasi 12 walikufa katika uwanja huohuo kwa muda wa majuma machache, mpaka mashindano yaliyosalia yakahamishiwa uwanja mwingine. Sisemi kwamba wote walikufa kwa sababu ya uchanga. Lakini tujiulize: mifupa ya chini ya mguu wa farasi hukomaa mapema, ilhali ile ya mgongo huendelea kukua mpaka miaka 5 au zaidi. Mbona basi taji kubwa kabisa liwekwe miaka 3?

Wapo watakaonipinga, na si haki kuwanyima nafasi. Wataalamu wa wanyama husema mazoezi ya wastani utotoni huimarisha mfupa, na kwamba farasi aliyefungiwa zizini bila kukimbia naye huwa dhaifu. Ni kweli. Mimi sisemi farasi mchanga asikimbie. Hata ndama wetu hapa hukimbia wakitoka zizini asubuhi. Ninachopinga ni kumpangia tarehe. Shida ya Dabi ni kwamba huja mara moja, kwa hiyo mwenye farasi hamwulizi farasi wake, "Uko tayari?" Anaitazama kalenda.

Waaustralia wenyewe, wale wa Golden Slipper, wametuonyesha njia nyingine bila kujua. Wana Kombe la Melbourne lililoanza mwaka 1861, mita 3,200, na siku hiyo mji wote wa Melbourne huwa ni sikukuu. Farasi wa miaka 3 anaruhusiwa, na wakubwa pia wanaruhusiwa, tena anayekosa mwaka huu hurudi mwakani. Farasi jike Makybe Diva alirudi na kushinda miaka mitatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005. Hiyo ndiyo mbio ninayoisifu. Na hata Kentucky ukweli umeanza kujitokeza. Kwa miaka 136, tangu mwaka 1882, hakuna farasi aliyewahi kushinda Dabi hiyo bila kukimbizwa akiwa na miaka 2. Watu waliona ni laana. Mwaka 2018 Justify akaivunja, na mwaka 2023 Mage akafanya vivyo hivyo. Kumbe aliyengoja hakuchelewa!

Sasa, ndugu msomaji, nifike nyumbani. Kaka yangu alipokuwa darasa la saba alikuwa moto wa kuotea mbali katika mita 5,000. Alishinda zoni, akashinda kaunti ndogo. Kijiji kizima kilimjua. Kabla ya mashindano ya kaunti goti lilivimba. Yeye mwenyewe alificha, lakini watu wazima waliokuwa wakimwongoza waliona. Wakamwambia, "Vumilia, nafasi hii haitarudi." Akavumilia, akawa wa nne. Aliyekuwa wa kwanza alikuwa na ndevu. Nasema kweli, ndevu! Alikuwa ameandikishwa umri si wake. Leo kaka yangu anaendesha bodaboda hapa Nyansiongo, na akipanda kilima kwa miguu goti linamlilia. Hajakimbia tena.

Ajabu ni kwamba watu wa farasi walishalishughulikia jambo hili zamani. Mwaka 1844 farasi aitwaye Running Rein alimaliza wa kwanza katika Dabi ya Epsom. Ikagunduliwa kuwa alikuwa na miaka 4, na jina lake halisi lilikuwa Maccabeus. Kesi ilifika mahakamani, akanyang'anywa ushindi, akapewa Orlando. Siku hizi katika nchi nyingi farasi wa mbio huandikishwa angali anafuata mamaye, akatiwa alama chini ya ngozi ya shingo. Farasi analindwa umri wake kuliko mtoto wa darasa la saba! Je, hilo si la kutuaibisha?

Wengine watasema bila kuanza mapema hatutapata mabingwa. Nawajibu kwa majina tunayoyajua. Naftali Temu, mwana wa Nyamira hii hii, alituletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968 kule Mexico, katika mita 10,000. Alikuwa na miaka 23. Jirani yetu wa Kilgoris, David Rudisha, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2006, lakini mbio zake za kukumbukwa, mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, alizikimbia London mwaka 2012, naye akiwa na miaka 23. Angeharibiwa goti akiwa na miaka 13, dunia ingejuaje?

Kwa hivyo natoa ombi langu kwa heshima kwa walimu wetu na kwa wenzangu wa timu. Kwanza, umri uandikwe wa kweli, hata kama tutashindwa na shule jirani. Kushindwa kwa haki si fedheha. Pili, mwenye maumivu aseme, na akisema asiitwe mwoga. Tatu, yule aliyekuwa wa mwisho kidato cha kwanza aitwe tena kidato cha tatu, maana huenda yeye ni wa Mei na mwenzake alikuwa wa Januari. Na wakuu wa mbio za farasi kule Ngong, kama gazeti hili litawafikia, ningewaomba zawadi nono waziweke kwa farasi wa miaka 4 na kuendelea, ili mwenye farasi aone faida ya kungoja.

Nilipomsomea babu makala haya alitikisa kichwa akasema nimeandika mengi, lakini yeye alikuwa ameyasema kwa maneno machache. Nami nakubali. Kaka yangu aliambiwa nafasi haitarudi. Nafasi zilirudi kila mwaka, wakakimbia wengine. Kisichorudi ni goti.