Bongo Movie Haikuzikwa Kinondoni

Ubishi wa sinema hapa Tanzania, uanzie popote, mwishowe hufika makaburini Kinondoni, alikozikwa mwigizaji Steven Kanumba. Watu wanaanza na sizoni waliyoimaliza usiku, wanapita kwa Jackie Chan na Van Damme, wanagombana kidogo juu ya nani mkali kati ya waigizaji wetu Ray na Gabo, kisha mmoja anaitoa ile kauli inayofunga mjadala: Bongo Movie ilikufa na Kanumba. Baada ya hapo hakuna anayebisha. Hata wale waliokuwa wakipigania jina lingine kwa nguvu zote wananyamaza, kwa sababu kupinga kunaonekana kama kumkosea heshima marehemu.

Mimi naipinga. Naipinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu kwa zaidi ya miaka kumi imetuzuia kuuliza maswali ambayo tasnia hii ilipaswa kuulizwa tangu zamani.

Steven Kanumba nampa stahiki yake yote. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akapikwa katika kundi la maigizo la Kaole, tukamzoea kwenye michezo ya ITV kabla ya kumwona kwenye makava ya DVD. Alipoingia kwenye filamu hakuridhika kuuza kwenye soko la diski la Kariakoo peke yake. Alicheza Dar 2 Lagos na Wanigeria, akamleta nyota wao Ramsey Nouah kwenye Devil Kingdom, akafungua kampuni yake, akawapa watoto nafasi za maana katika This Is It wakati wenzake wakiwatumia watoto kwa kupeleka chai sebuleni. Mwaka 2009 alialikwa kwenye nyumba ya Big Brother Africa, na nchi nzima ikamcheka kwa Kiingereza chake. Nalikumbusha hilo kwa sababu wengi wanaosema leo kwamba tasnia ilikufa naye ndio walewale waliokuwa wakimcheka akiwa hai, akijaribu kufanya kitu ambacho hakuna mwenzake aliyethubutu. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, viwanja vya Leaders vilifurika watu. Majonzi yale yalikuwa ya kweli. Lakini majonzi hayawezi kutusimulia kilichotokea sokoni baada ya mazishi.

Sokoni kilichotokea ni hiki. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, miezi tisa hivi baada ya msiba, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Aliyetaka kuona televisheni alilazimika kununua king'amuzi, na aliyekinunua alijikuta na chaneli za filamu usiku na mchana bila kwenda dukani. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, na mwishoni mwa mwaka huohuo Azam TV ikaanza kurusha matangazo. Katika miaka hiyohiyo simu za bei nafuu zilisambaa, na kila mtaa ukapata kibanda chenye kompyuta moja ambako unapeleka flashi yako ukajaziwa sizoni ya Kikorea, ya Kifilipino, au ya Kimarekani iliyotafsiriwa, kwa bei ambayo DVD halali haiwezi kushindana nayo. Hata deki zenyewe zilianza kutoweka majumbani. Kanumba angeishi, angeamka asubuhi ya Januari 2013 na kukuta biashara yake inapotea mikononi mwake.

Wapo watakaosema huu ni ubashiri tu, kwamba angebuni njia. Basi tutazame pengine, ambako hakukuwa na msiba wa Kanumba. Nairobi kulikuwa na River Road. Pale ndipo ilipozaliwa ile tunayoiita Riverwood, na vichekesho vya Kikuyu vya Machang'i viliuzwa kwenye diski kama njugu. River Road nayo ilianguka. Lagos kulikuwa na Idumota na Alaba, masoko yaliyoinyanyua Nollywood tangu Living in Bondage ya mwaka 1992. Wafanyabiashara wa diski wa huko nao waliporomoka, tena kwa sababu zilezile za wizi na teknolojia. Miji mitatu katika nchi tatu iliuza bidhaa moja kwa njia moja, na yote ikaugua ugonjwa mmoja katika kipindi kinachokaribiana. Ni mmoja tu uliokuwa umemzika Kanumba. Ukisema kifo chake ndicho kilichoiua Kariakoo, niambie nani aliyeiua River Road.

Tofauti ilikuja baadaye. Wanigeria walikuwa wameshaanza kujenga kumbi mpya za sinema, na diski zilipokufa walikuwa na mahali pa kuuzia tiketi. Ndiyo maana A Tribe Called Judah ya Funke Akindele, iliyotoka Desemba 2023, iliweza kuwa filamu ya kwanza ya Nollywood kuvuka naira bilioni 1 za tiketi ndani ya nchi yao. Sisi tulikuwa na Avalon, Empire, Odeon na Empress hapa Dar, kumbi ambako wazazi wetu walivaa vizuri kwenda kuona filamu za Kihindi siku za Jumapili. Kufikia miaka ya Bongo Movie kumbi nyingi za aina hiyo zilikuwa historia. Filamu zetu zilitengenezwa kwa ajili ya sebule, zikaishia sebuleni, na sebule ilipopata king'amuzi zilikosa pa kwenda.

Kuna jambo lingine ambalo mashabiki hawalitaji kabisa, nalo ni mkataba. Katika miaka ile ya neema, mtayarishaji alikuwa akipeleka masta ya filamu kwa msambazaji, anapewa fedha za mkupuo, anasaini, na filamu inakuwa si yake tena. Haki zote zimekwenda. Ziuzwe diski elfu moja au laki moja, yeye ameshalipwa na hana chake. Sasa fikiria mtu huyo anaendeshaje kazi. Fedha aliyoipata inaisha, hana kipato kinachoendelea kuingia, kwa hiyo lazima atengeneze nyingine haraka. Anarekodi kwa siku chache katika nyumba ya kuazima. Hadithi ya saa moja na nusu anaigawa Part One na Part Two ili kava ziwe mbili. Gari linaoneshwa likitoka getini, likipita barabarani, likiingia geti la pili, dakika nne zimekwenda. Watu walilaumu uvivu wa waigizaji, lakini chanzo kilikuwa mkataba uliomlipa mtu kwa wingi wa masta anazopeleka bila kujali filamu itapendwa kwa muda gani. Hata Kanumba alifanya kazi ndani ya mfumo huo na baadhi ya filamu zake zina dalili zake. Kulisema hilo hakumpunguzii kitu. Kunaonesha kwamba kipaji kikubwa kabisa tulichokuwa nacho hakikutosha kuuvunja mfumo.

Wasanii wenyewe hawakulaumu kifo cha mtu. Walipoandamana Kariakoo mwezi Aprili 2017, malalamiko yao yalihusu filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa bila kulipiwa kodi. Unaweza kubishana nao kuhusu dawa waliyoipendekeza, na mimi naamini walikosea kumlenga mmachinga badala ya mkataba. Lakini angalau walijua kwamba tatizo lao liko sokoni.

Kwa nini basi imani hii inang'ang'ania? Nadhani ni kwa sababu ya namna tunavyoangalia sinema. Tangu enzi za mabanda ya video tumezoea kuuliza swali moja: steringi nani? Filamu inakuwa ya Rambo, ya Komando, ya Bolo, ya Kanumba. Aliyeiandika hatumjui, aliyeiongoza hatumjui, aliyeshika kamera ndiyo kabisa. Na kwa kuwa filamu kwetu ni uso, tasnia nzima nayo tukaifanya uso mmoja. Mwezi Mei 2014 tulimpoteza Adam Kuambiana, mwandishi na mwongozaji ambaye wenzake walimheshimu kwa kazi. Siku chache baadaye akaondoka mwigizaji Recho Haule, na mwezi huohuo haujaisha, George Tyson akafariki. Tyson, Mkenya aliyehamia kwetu, ndiye aliyeongoza Girlfriend ya mwaka 2003, filamu ambayo wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa Bongo Movie yenyewe. Nani umewahi kumsikia kijiweni akisema tasnia ilikufa na Tyson? Aliyetufungulia mlango tumemsahau, kwa sababu alikuwa nyuma ya kamera.

Hapo ndipo kauli hii inaponiuma. Inawafuta watu, tena si waliokufa peke yao. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'Kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto, filamu ndefu ya kwanza ya Kitanzania kufika pale, kisha ikapelekwa kuiwakilisha nchi kwenye Oscar, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Mtazame Ikhlas Gafur Vora akiwa Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mzee, anavyosema mambo mengi kwa kunyamaza. Hana machozi ya mtiririko wala kelele, ila unajua kila kinachopita moyoni mwake. Mwaka huohuo Seko Shamte alitoa Binti, kuhusu wanawake wanne wa Dar es Salaam, na mmoja wao akachezwa na Godliver Gordian kwa utulivu ambao zamani tulikuwa tunausifia kwa wageni tu. Filamu hiyo ikaingia Netflix. Ukimwuliza shabiki anayeapa kwamba hakuna tena filamu ya maana nchini, mara nyingi utakuta hajaiona hata moja kati ya hizo mbili. Hajaitafuta, kwa sababu ameshaambiwa kwamba hakuna kitu.

Na hata tukiacha filamu za matamasha, watazamaji wa kawaida hawajaondoka. Wako kwenye tamthilia ya Huba, wako kwenye Jua Kali ya Leah Mwendamseke tunayemwita Lamata, wako kwenye Kombolela. Wapo YouTube wakiwafuatilia wachekeshaji Mkojani na Clam Vevo. Saluni za wanawake zinasimamisha kazi tamthilia ikifika pazuri. Watu hao wanabishana juu ya waigizaji wao kwa ukali uleule tuliobishania Ray na Kanumba. Lakini waulize kama Bongo Movie ipo, watakujibu ilikufa. Hadithi za Kiswahili wanazitazama kila siku, zilizoigizwa na Watanzania, ila wamefundishwa kwamba zile hazihesabiki.

Kauli hii ina wanaonufaika nayo. Msambazaji aliyenunua haki zote kwa fedha ya mkupuo ananufaika, kwa sababu lawama zimekwenda kwa mauti na yeye hakuulizwa kitu. Mtayarishaji mvivu ananufaika, kwa kuwa kazi yake mbovu inasamehewa kwa hoja kwamba kipaji kilishaondoka. Wenye mamlaka wananufaika, maana ukosefu wa kumbi za sinema mikoani na ulegevu wa kulinda hakimiliki vinafunikwa na huzuni ya watu. Hata sisi watazamaji tunanufaika kidogo, kwa aibu: tunajaza flashi bila kumlipa mtunzi, kisha tunasema tasnia iliondoka na mtu.

Kwa hiyo tukimpenda Kanumba kama tunavyosema, mjadala una mahali pengine pa kwenda. Filamu zake bado zinatazamwa. Ziko YouTube, na watu wa Bukavu, Bujumbura na Kigali wanazirudia sawa na sisi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kazi, na haki zinapouzwa, mwenye kazi ni yule ambaye mkataba unamtaja. Tuulize basi katika kila filamu yake ni nani aliyetajwa, na fedha za matangazo yanayokatiza filamu hizo zinaingia kwa nani. Kisha tuulize hivyohivyo kwa wanaoigiza leo. Tamthilia inayorudiwa mara tatu kwa wiki kwenye king'amuzi, mwigizaji wake analipwa kwa siku aliyorekodi tu, au ana fungu kila inaporudiwa? Haki za nchi za nje ameuza au amebaki nazo? Majibu yamo kwenye karatasi zinazosainiwa mwaka huu, katika ofisi za jiji hili, na wengi wa wanaozisaini ni vijana ambao Kanumba alipofariki walikuwa bado shule ya msingi.