Baridi ya Chara Ipo

Watu husema baridi ni ya Limuru, huku kwetu ni joto na mbu tu. Nakataa! Hao hawajapanda bodaboda alfajiri mwezi wa Julai, kusi likivuma na shati limelowa manyunyu.

Mwaka jana kaka yangu alikuwa akinipeleka shule. Ng'ombe wakakatiza barabara. Kaka kushika breki, wapi! Vidole vimekufa ganzi, havikunjiki upesi. Tuliangukia matopeni, nami nikakaa wiki mbili mkono umefungwa. Helmeti zetu? Zilikuwa nyumbani zimetundikwa msumarini.

Sheria ya Trafiki iliporekebishwa 2012 ilitaka dereva na abiria wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, tena abiria awe mmoja. Glavu haikutaja, lakini kwa maoni yangu jaketi zito na glavu ni lazima.

Siku hizi kaka husimama njiani, akatia vidole kwapani mpaka vipate moto. Wenzangu wakitupita hutucheka. Nao wacheke. Nikichelewa nafagia darasa, na mikono yote miwili ninayo.