Kutoka Congo hadi Grand Rapids: mji unamlinda nani?

Jamaa nyingi za mashariki mwa Congo zina mtu wao Marekani: mtoto, shangazi ao jirani wa zamani aliyepita kambini Burundi, Tanzania, Uganda ao Malawi, kiisha akapanda ndege kwenda Texas, Kentucky ao Michigan. Mara kadhaa katika miaka hii kumi, Congo ilikuwa inchi ya kwanza kwa hesabu ya wakimbizi waliopokelewa kule. Kwa hiyo, namna viongozi wa mji wa Marekani wanavyoongoza polisi yao si habari ya mbali. Katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, habari hiyo ina jina la Mkongomani: Patrick Lyoya.

Alikuwa na miaka 26. Jamaa yake ilikimbia vita Congo na kufika Marekani mwaka wa 2014. Asubuhi ya tarehe 4 mwezi wa nne 2022, askari polisi Christopher Schurr alisimamisha gari lake kwa sababu namba ya usajili haikulingana nalo. Alimuuliza kama anasema Kiingereza. Lyoya akajibu ndiyo. Kisha alijaribu kukimbia, wakashikana, na askari akampiga risasi kichwani wakati alikuwa amelala kifudifudi chini yake. Wazazi walihitaji mkalimani wa Kiswahili ili waseme uchungu wao mbele ya wanahabari.

Haki ipewe viongozi wa mji kwa lile walilofanya vizuri. Mkuu wa polisi, Eric Winstrom, alionyesha video zote siku tisa tu baada ya kifo. Chicago ilificha video ya kifo cha kijana Laquan McDonald zaidi ya mwaka mmoja, mpaka hakimu alipotoa amri. Katika mwezi wa sita, Schurr alishtakiwa kwa mauaji, na mji ukamfukuza kazi. Yeye alijitetea kwamba aliogopa kufa kwa sababu Lyoya alikuwa amekamata kifaa chake cha umeme. Katika mwezi wa tano 2025, baraza la raia waliomsikiliza kortini lilishindwa kupatana, na mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hatarudilia kesi.

Lakini kuonyesha video ni kazi ya baada ya maiti. Tangu mwaka wa 1985, Korti Kuu ya Marekani ilisema kwamba askari hana ruhusa ya kumpiga risasi mtu kwa sababu tu anakimbia. Lazima kuwe na hatari ya kweli. Katiba yao, katika marekebisho ya nne, inalinda “watu”, haisemi “raia” peke yake. Swali kwa viongozi wa mji linaanza basi mapema zaidi: kwa nini kosa la namba ya gari linamfanya askari aliye peke yake kumkimbiza mtu mpaka kwenye mieleka? Namba ya gari inaweza kungoja. Mwenye gari ana anwani.

Mji huohuo ulikuwa tayari umepata somo lingine. Mwishoni mwa mwaka wa 2018, ofisa mmoja wa polisi aliona habari ya mtu aliyekamatwa, akawaandikia watu wa uhamiaji waangalie hali yake. Mtu huyo alikuwa mzaliwa wa Grand Rapids, mwanajeshi wa zamani aliyepigana Afghanistan. Alikuwa na pasipoti ya Marekani. Hata hivyo alifungwa siku tatu kama mgeni asiye na karatasi. Mji ulimlipa dola 190.000. Sherifu wa Kent, wilaya yenye gereza hilo, alibadilisha utaratibu: tangu mwezi wa kwanza 2019, hakuna kumshikilia mtu kwa ajili ya uhamiaji bila karatasi iliyotiwa sahihi na hakimu.

Kuna wanaosema utaratibu wa namna hiyo unaficha wahalifu. Hoja hiyo haifai kuchekwa. Mwizi na muuaji wapo kati ya wageni kama walivyo kati ya wenyeji, na jirani yao wa kwanza kuumia ni mgeni mwenzao. Lakini mwenye ushahidi hashindwi kupata sahihi ya hakimu. Asiyeweza kuipata ni yule anayebahatisha kwa jina na sura. Na meya anayesema mikono yake imefungwa na Washington anajikinga tu: tangu mwaka wa 1997 Korti Kuu imekataza serikali ya shirikisho kuwaamuru askari wa miji na wilaya kufanya kazi yake. Mama anayepigwa nyumbani anaita polisi kama anajua simu hiyo haitamfikisha uwanja wa ndege. Akinyamaza, mji mzima umepoteza shahidi.

Msomaji wa Lubumbashi hana haja ya kuelezwa sana. Katika miaka ya 1992 na 1993, Wakasai wengi walifukuzwa Katanga wakiitwa wageni ndani ya inchi yao wenyewe. Katiba ya 2006, katika kipengele cha 30, inampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa popote. Kipengele cha 18 kinakataza polisi kumfunga mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya hakimu. Kila meya anayeamuru msako wa usiku anapaswa kuvijua vipengele hivyo kwa moyo.

Grand Rapids ina meya mpya tangu mwaka wa 2025, David LaGrand. Wakongomani wa kule wana mambo ya kumuomba: askari asimkimbize mtu kwa miguu kwa kosa dogo la barabarani, na mkalimani apatikane kwa simu saa yoyote. Kule Kent, nako, ile sharti ya sahihi ya hakimu iandikwe kuwa sheria na baraza la wilaya. Leo inategemea sherifu, na sherifu anachaguliwa kwa kura. Atakayekuja nyuma yake anaweza kuifuta kwa barua moja.