Kapteni Ana Kaburi, Mpagazi Je?

Juzi kijiweni Magomeni Mapipa, jamaa yangu alimsifia Frederick Selous mpaka kahawa ikampoa mkononi. "Yule ndiye mwanaume," alisema. Nilimjibu pale pale, na hapa namalizia jibu langu.

Ushujaa wake siukatai. Selous alikuwa mtoto wa tajiri wa London, akasoma Rugby, shule iliyoupa jina mchezo wa raga. Aliwinda tembo kusini mwa Afrika, na mwaka 1890 akawaongoza walowezi wa Cecil Rhodes kuingia nchi ya Washona. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta na miaka zaidi ya 60, lakini akaja kupigana na Wajerumani huku kwetu, akapata nishani ya DSO. Tarehe 4 Januari 1917 risasi ilimuua Beho Beho akiwa na miaka 65. Kaburi lake liko huko, na pori lililopewa jina lake lilikuwa kubwa kuliko Uswisi.

Sasa nauliza: chakula cha kapteni kilifikaje Beho Beho? Mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe, basi mzigo ukahamia kichwani mwa mtu. Vijana walikusanywa, wengi kwa nguvu, wakaingizwa Carrier Corps. Walikufa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa pale tunaponunua nguo za sikukuu. Carrier Corps ndiyo Kariakoo.

Utaniambia wana Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Ile imeshika bunduki. Mpagazi alishika mzigo. Maandishi yake yanawataja wapagazi kwa jumla, bila jina la mtu hata mmoja. Utaniambia tena kwamba mwaka 2019 sehemu ya pori ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sawa, lakini hapo jina la mkubwa limempisha mkubwa mwenzake.

Bibi yangu alisema babu yake alichukuliwa "kariakoo" akiwa kijana, hakurudi. Hatuna kaburi lake wala tarehe. Nataka ukuta wa majina pale sokoni. Tuwaulize wazee kabla hawajatutoka, tuandike. Mimi ninalo moja la kuanzia.