Tumsifu Mungu, Tuyahurumie na Masikio

Siku hizi kanisa jipya likifunguliwa mtaani halihitaji bango, spika zinalitangaza. Ibada ya Jumapili inasikika mpaka mtaa wa pili, mkesha wa Ijumaa unamkuta mgonjwa kitandani na mwanafunzi kwenye daftari, na wapita njia wanamjua mchungaji kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Majirani wamekwisha kulalamika vya kutosha, na mamlaka za mazingira nazo zimesema yao. Neno langu leo ni kwa walio ndani ya kanisa, kwa kuwa wao ndio wanaoumia kwanza, na wao ndio wasiolalamika.

Tazameni tunavyoketi. Spika mbili ndefu zimesimamishwa sakafuni, kushoto na kulia kwa madhabahu, na mdomo wa kila moja uko usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Mbele yake, mkekani, ndiko wanakopangwa watoto wa shule ya Jumapili ili wachungaji wawaone. Kina mama wenye wachanga mgongoni wamejitenga pembeni wasisumbue ibada, na pembeni huko ndiko spika iliko. Nyuma kabisa, penye nafuu, yuko kijana wa mitambo na mkono wake juu ya mikisa. Hapo alipo sauti inamfikia imepungua, basi anaongeza. Juu bati, chini saruji, ukutani plasta: sauti haina pa kuzama, inarudi na kurudi. Ibada ikiisha, wanakwaya wanasemezana kwa kupayuka uani, na usiku wakilaza kichwa masikio yanalia "nziii". Waliowahi kunywa kwinini wanaujua mlio huo. Tofauti ni kwamba ule wa kwinini kwa kawaida huondoka dawa ikitoka mwilini.

Huu wa spika una habari nyingine. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojiviringa, kimejaa majimaji. Humo mna chembe hai zikadiriwazo kuwa 15,000 hivi kwa kila sikio, na kila chembe ina vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Sauti inapoyatikisa majimaji, vinyweleo huinama, na kuinama huko ndiko kunakopeleka habari kwenye ubongo. Sauti ikizidi, vinalala kama nyasi zilizokanyagwa. Nyasi zikikanyagwa mara moja huinuka. Zikikanyagwa kila wiki, panabaki njia. Ndege akipoteza chembe hizo huota nyingine. Binadamu haoti.

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake ndiyo inayowaponza wengi. Kipimo ambacho wataalamu wengi wa afya kazini hukifuata ni desibeli 85 kwa saa 8. Ongeza 3 tu na nguvu ya sauti inakuwa maradufu, hivyo muda unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15. Dakika 15, wapendwa, hazimalizi hata kipindi cha kusifu na kuabudu! Asiye na kipimo na atumie kinywa chake: ukilazimika kupayuka ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, elewa kwamba mpaka umekwisha kuvukwa.

Wala uharibifu haubishi hodi. Huanza kuondoka zile sauti nyembamba za juu, kwa hiyo mtu anasikia kwamba anasemeshwa ila hapambanui "f" na "s" na "sh". Anaona kila mtu ananung'unika. Akiwa mwanakwaya wa sauti ya kwanza, haisikii vizuri sauti yake mwenyewe, basi anamwashiria kijana wa mitambo aongeze. Kijana anaongeza, na masikio ya wenzake nayo yanaingia katika hesabu. Kisha mchungaji anasimama kuwaombea viziwi wafunguliwe, kupitia spika zile zile! Mimi naamini katika maombi, na sioni haya kuliandika neno hilo gazetini. Lakini kuomba kwa kinywa huku mkono ukizidisha ugonjwa ni kumjaribu Mungu.

Wapo watakaosema kwamba desibeli na chembe ni mambo ya dunia, kanisani tunaenda kwa imani. Kanisa lililosimamisha hospitali za KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza haliwezi kusema hivyo. Tena yuko mtu mmoja ninayependa kumtaja penye mabishano haya. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker jijini Paris, daktari René Laennec aliletewa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Njia mojawapo ya siku zile ilikuwa daktari kulaza sikio lake juu ya kifua cha mgonjwa, na kwa msichana yule akaona si adabu. Akachukua karatasi, akazikunja zikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Akausikia moyo wazi kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu. Laennec alikuwa Mkatoliki mcha Mungu na mpiga filimbi, tena mwenye mkono wa kuchonga. Akatengeneza bomba la mti, akakaa miaka akisikiliza vifua, na mwaka 1819 akachapisha kitabu cha kueleza milio ya mapafu na moyo. Aliaga mwaka 1826 kwa kifua kikuu, ugonjwa ule ule aliowafundisha wenzake kuutambua. Sijui nani angeweza kumpasua mtu huyu, ampe Mungu fungu lake, sayansi fungu lake na muziki fungu lake. Kila mara mganga wa zahanati anapokuwekea kifaa chake kifuani, unafaidi sikio la Mkristo aliyejua thamani ya sauti ndogo.

Najua nitaletewa Zaburi ya 150 na matoazi yake. Naipenda zaburi hiyo. Lakini matoazi yale yalipigwa kwa mkono wa mtu, na mkono huchoka, jenereta haichoki. Anayependa kelele na asome pia Wafalme wa Kwanza, sura ya 18, aone ni akina nani waliopiga kelele tangu asubuhi bila kujibiwa, na namna Eliya alivyowadhihaki. Katika sura inayofuata, Bwana hakuwamo katika upepo wala tetemeko wala moto. Na hii nayo niiseme, ingawa itawaudhi baadhi ya watu: besi inapokutetemesha kifua, kinachotetemeka ni hewa. Itakutetemesha vivyo hivyo ukiwa baa.

Sijasema kwaya zinong'one. Uimbaji ni afya: mtu anavuta pumzi kwa kina, anakutana na wenzake, anasahau adha za wiki. Muziki wa wimbo wetu wa taifa tuliupata kutoka kwa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliyeutunga mwaka 1897, na hadi leo huimbika kwa vinywa vitupu. Sauti nne zikipangwa vizuri hujaza kanisa bila waya hata mmoja. Nyingi ya kelele zetu, kusema kweli, ni za kufunika mazoezi hafifu.

Basi tuanze na yasiyogharimu. Mkeka wa watoto uhamishwe leo. Spika zipandishwe juu ya vichwa na kuinamishwa kidogo, zifikie wa nyuma bila kuwachoma wa mbele. Kijana wa mitambo awe na mtu wa kumwashiria kutoka viti vya mbele, na katika simu yake aweke programu ya kupima desibeli. Si sahihi sana, ila itamwonya. Mpiga ngoma na mpiga kinanda wanunuliwe viziba masikio vya sponji, maana pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana. Mwenye mlio usioisha akapimwe hospitalini, na aliyeamka sikio moja limeziba ghafla aende siku hiyo hiyo, maana tiba ikicheleweshwa huenda isisaidie tena. Asimimine mafuta ndani, hata yawe ya upako.

Nanyi wazee wa kanisa, katika kikao kijacho jadilini haya kabla ya kupitisha ombi la kununua spika nyingine.